Vielezi vya Mwenzangu

Sikumwonea wivu mwenzangu kwa vitu alivyokuwa navyo. Alikuwa na baiskeli, nami nilikuwa nayo. Alikuwa na shahada, nami nilikuwa nayo, tena yangu ya daraja la juu kuliko yake. Nilimwonea wivu kwa jinsi alivyofanya mambo. Aliketi vizuri kuliko mimi. Alicheka vizuri. Hata alipochelewa alichelewa kwa utulivu, akaingia mahali kana kwamba sisi wengine ndio tuliofika mapema mno.

Maneno yanayobeba habari za namna hiyo huitwa vielezi. Kitenzi kinasema mtu amefanya nini. Kielezi kinasema amefanyaje, lini, kwa kiasi gani. Nilisoma mambo hayo chuoni Kampala, kwa Kiingereza, na ningeweza kuyaeleza nikiwa na homa. Lakini hakuna aliyenifundisha kwamba wivu nao unaishi humo humo. Mtu akila, sina neno naye. Akila kwa raha mbele ya mama yangu, hapo ndipo ninapoanza kutazama ukubwa wa matonge yake.

Yeye alikuwa Msamia wa Busia, upande wa Kenya. Mimi ni wa Kisoko, upande wa Uganda, katika sisi Jopadhola wa Tororo. Kutoka kwao hadi kwetu ni safari ya asubuhi moja kwa baiskeli, na katikati kuna mpaka, ambao siku zile ulikuwa mti mmoja uliolazwa barabarani, askari wa forodha waliochoshwa na jua, na wanawake wenye vikapu vya samaki wakipita pembeni bila kugeuza shingo. Tulipokutana chuoni tulishikana mikono kama ndugu. Kule Kampala Kiswahili kilionekana lugha ya askari na wapagazi, na sisi wawili ndio tuliosemezana kwacho bwenini bila kuona haya. Au tuseme yeye hakuona haya. Mimi nilipunguza sauti.

Tulimaliza masomo miaka michache baada ya Uhuru wa nchi zote mbili. Wizara ilikuwa ikiwapeleka walimu wapya popote palipokuwa na shule na hapana mwalimu, na nilikuwa na hakika kwamba mimi nitapelekwa mbali, kwa kuwa jambo lolote ninaloliogopa huwa naliona limeshapangwa. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado chuoni. Dada zangu wameolewa. Mama alibaki peke yake na shamba la pamba na nyumba ambayo jioni ilikuwa kubwa mno kwa mtu mmoja.

Ndipo nikasikia habari ya nafasi moja. Nje kidogo ya mji wa Tororo, upande wa pili wa reli, wazazi na kanisa walikuwa wamejenga shule ya sekondari, na bodi yao iliruhusiwa kujitafutia yenyewe mwalimu wa Kiingereza. Nikiipata kazi hiyo ningekuwa nikilala nyumbani. Nikiikosa, ningesubiri barua ya wizara na kwenda itakakosema. Hapakuwa na njia ya tatu, na niliitafuta sana.

Wiki zile watu waliopita njiani walimuuliza mama kwa Kiswahili kama mtoto amepata kazi. Mama alijibu neno moja tu: "Bado." Mimi nikiwa ndani nalisikia, nalipasua kama karanga. Waingereza wana "still" na wana "yet", na kila moja ina kazi yake. "Still" inatazama nyuma: jambo lilikuwapo na lingali lipo, kijana bado yuko nyumbani, bado anakula kwa mama yake. "Yet", ikiandamana na neno la kukanusha, inatazama mbele: jambo halijatokea ila linangojewa, kijana hajapata kazi, lakini ataipata. Bado yetu hubeba mizigo yote miwili kichwani kwa mara moja. Nilitaka kujua mama alimaanisha upi. Sikumuuliza. Angenitazama tu na kuuliza kama nimekula.

Mwenzangu naye aliiomba kazi ile. Hakunificha. Tulikutana Busia sokoni, mimi nikitafuta tairi la baiskeli, yeye akiwa amekaa juu ya gunia la mahindi la mfanyabiashara asiyemjua, wakicheka.

"Nimeiomba ile kazi ya Tororo," akaniambia. "Na wewe je?"

"Nimeomba."

"Vizuri sana. Basi mmoja wetu ataipata, na mwingine atakuwa akija kula kwake."

"Kwa nini usitafute huko kwenu? Kenya kuna shule."

"Zipo. Lakini Tororo ni karibu na mama kuliko Nairobi, bwana. Wewe hujui kuhesabu?"

Yule mwenye gunia akacheka tena. Hakuelewa tunazungumza habari gani, lakini alicheka akiwa upande wa mwenzangu.

Mwalimu mkuu wa shule ile alikuwa Mwingereza mrefu ambaye kila mara alikuwa akifuta vumbi la kiwanda cha saruji kwenye miwani yake. Alituita sote wawili, akatueleza utaratibu. Kila mmoja angefundisha kipindi kimoja mbele ya bodi, kidato cha pili, darasa lile lile, somo lile lile. Baadaye kila mmoja angeingia ofisini kuhojiwa. Somo alilichagua yeye: vielezi vya kawaida vya Kiingereza, maana yake na matumizi yake. Alisema wanafunzi wanavitumia kama chumvi, bila kipimo.

Nilifurahi. Hili lilikuwa shamba langu. Kisha nikarudi nyumbani na furaha ikaisha, kwa sababu nilianza kufikiri.

Nilianza na "hard" na "hardly", ambazo sura zao ni za ndugu lakini hazisalimiani. Aliyefanya kazi "hard" amefanya kwa bidii. Aliyefanya "hardly" ni kama hakufanya kabisa. Nikapita kwenye "already". Ndani ya neno hilo mna mshangao kidogo: jambo limetokea mapema kuliko ulivyotazamia. Sisi tunaliweka tumboni mwa kitenzi, tunasema ameshafika, na hakuna anayeshangaa. "Just" ni dakika hii hii, na pia ni "tu" yetu. "Almost" ni karibu lakini sivyo, na nilikaa nalo mchana mzima kwa sababu niliona ndilo neno la maisha yangu. Lililonisumbua zaidi ni "quite". Mwingereza akisema jambo ni "quite right", ni sahihi kabisa. Akisema kazi yako ni "quite good", ni nzuri kiasi, ya kupita. Mtu ashukuru au aombe radhi? Nililima mistari miwili ya pamba huku nikilifikiria, mama akaniambia nimeng'oa miche na kuacha magugu.

Siku chache kabla ya kipindi, mwenzangu alifika kwetu bila taarifa. Alikuwa ametoka mnada wa Nagongera kumnunulia mamaye kuku, na kuku wale walikuwa wamefungwa kichwa chini kwenye usukani wa baiskeli. Alimsalimu mama kwa lugha yetu, Kidhopadhola alichookota sokoni, kibovu kabisa, kila neno likiwa limevunjika mguu. Mama alicheka hadi akashika ukuta. Nilisimama mlangoni. Tangu tumzike baba sikuwa nimesikia kicheko kile, na mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza naye kila siku kwa lugha iliyonyooka.

Akaketi kwenye kigoda, akala ugali wa wimbi na mboga za kunde zilizotiwa simsim. Mama, ambaye kwangu hatumii Kiswahili, kwake alikitumia kile cha mpakani.

"Wewe nakula kidogo, mwanangu. Ongeza."

"Mama, nikiongeza huyu mwanao atalala njaa. Tazama anavyoniangalia."

"Huyo yeye nafikiri. Chakula yeye haioni."

Wakacheka wote wawili. Nami nikacheka, nikijua kwamba nimecheka nikiwa nimechelewa.

Mama alipotoka kwenda kwa kuku, mwenzangu akaniuliza nitafundisha vipi. Nikasema sijajua vizuri, ingawa nilikuwa na karatasi tatu chini ya godoro. Nikamuuliza yeye.

"Nitaingia nione nyuso zao," akasema. "Darasa lina mlango?"

"Lina mlango. Kwa nini?"

"Basi. Nitatumia mlango."

Hakunificha lolote, na hilo nalo liliniudhi. Mtu anayekuficha anakuhesabu kuwa ni mshindani.

Siku yenyewe mwalimu mkuu alituambia tuchague mmoja aanze. Mwenzangu akasema, "Aanze yeye, yuko tayari," na alisema kweli. Nikaingia. Wanafunzi wengi walikuwa vijana wakubwa, wengine na ndevu, kwa sababu miaka ile mtu aliingia sekondari alipopata nafasi, si alipofika umri. Wasichana walikaa mbele. Wazee wa bodi walikaa nyuma kwenye benchi, na mwenyekiti wao, aliyewahi kuwa chifu, alikuwa amevaa koti zito katika joto lile.

Sikufundisha vibaya. Niligawa ubao sehemu nne: vielezi vya namna, vya wakati, vya mahali, vya kiasi. Nilionyesha kwamba "always" na "often" hukaa kabla ya kitenzi lakini hufuata kitenzi cha "kuwa". Nilieleza "hardly" kwa mifano iliyopangwa kutoka nyepesi hadi nzito. Walinakili. Palikuwa kimya, na nilijiambia kimya ni heshima. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Sir, kama basi la Mbale limeondoka na mimi nimebaki, niseme 'already' au 'just'?"

Lilikuwa swali zuri mno. Nikamjibu kwamba inategemea kama anataka kusema basi limeondoka mapema kuliko alivyodhani au limeondoka muda mfupi uliopita, na kwamba yote mawili yanaweza kuwa kweli, na kwamba mambo hayo mawili hayapingani bali yanatazamwa kutoka pande tofauti. Nilizungumza kwa muda. Nilipomaliza aliandika kitu kifupi kwenye daftari lake, na sikujua alichoandika.

Nilipopita karibu na mwalimu mkuu nikitoka ubaoni, aliinamisha kichwa akaninong'oneza, "Quite good."

Nikaketi kwenye benchi la nyuma kama mtu aliyepigwa kofi la mapenzi, asiyejua ni mapenzi au ni kofi.

Mwenzangu hakuingia. Mlango ulifungwa, darasa likangoja. Kisha mlango ukafunguka kidogo, bila sauti, jicho moja likachungulia. Darasa likaanza kucheka. Mlango ukafungwa. Ukafunguliwa tena kwa kishindo, akasimama pale kifua mbele kama askari wa forodha aliyemwona mwanamke na sukari ya magendo. Akafunga. Mara ya tatu aliingia akiwa amejipinda, mikono nyuma, macho chini, na kijana mmoja akapiga kelele, "Anakwenda kwa wakwe," na hata wazee wa bodi wakacheka.

Ndipo akauliza: nimefanya nini? Wakajibu, umefungua mlango. Mara zote tatu? Mara zote tatu. Basi kwa nini mmecheka mara tatu tofauti? Wakaelewa, na mimi niliwaona wakielewa. Ilipita kwenye nyuso zao kama upepo kwenye mtama. Akaandika "quietly", akaandika "proudly", akaandika "shyly", na kila neno lilipofika ubaoni lilikuwa limeshaishi dakika moja mbele yao.

Kisha akafanya jambo ambalo mimi nisingethubutu mbele ya Mwingereza. Akawauliza kwa Kiswahili kitu cheupe sana tunakiitaje. Wakasema cheupe pe. Giza? Totoro. Mtu aliyelala sana? Fofofo. Debe lililojaa? Pomoni. Akawataka waseme ya kwao, na vijana wa Kidhopadhola, wa Kiteso na wa Kisamia wakayatoa moja baada ya jingine, wakibishana, wakisahihishana.

"Sasa mwoneeni Mwingereza huruma," akasema, akirudi kwenye Kiingereza. "Cheupe kwake ni 'very'. Giza ni 'very'. Usingizi ni 'very'. Ana sufuria moja, anapikia kila kitu. Ndiyo maana tunamsaidia kutafuta maneno mengine."

Mwalimu mkuu alivua miwani akaifuta, akicheka mabega yakimtikisika.

"Hardly" niliyoihangaikia aliimaliza kwa kumwita kijana mmoja aigize mgonjwa anayeletewa chakula. Kijana akaokota punje moja isiyoonekana, akaiweka ulimini, akalala. "He hardly ate," darasa zima likasema, na hakuna aliyeuliza swali.

Halafu akakosea. Mwanafunzi mmoja aliyekuwa ametumwa nje akarudi akihema, na mwenzangu akamwambia mbele ya wote, "You have come lately." Nilishtuka kwa furaha. "Lately" si kuchelewa. Ni siku hizi, hivi karibuni. Aliyechelewa amekuja "late" tu. Nililiandika neno hilo pembeni ya karatasi yangu, nikalipigia mstari, nikatazama upande wa mwalimu mkuu. Alikuwa amelisikia, nyusi zilipanda kidogo. Kisha zikashuka, na akaendelea kutabasamu. Kengele ililia. Darasa lilikaa pale pale likingoja aendelee.

Baada ya hapo tukahojiwa. Mimi niliingia kwanza tena. Mwalimu mkuu aliuliza mambo ya vitabu, nikajibu. Mwenyekiti alikuwa akisinzia, au nilidhani hivyo, mpaka alipoinua kichwa.

"Kijana, kitovu yako ilizikwa wapi?"

Kwetu mtoto akizaliwa na kitovu kikidondoka, hufukiwa karibu na nyumba, na hapo ndipo penu hata ukizeeka ng'ambo ya bahari. Swali hilo kwa mtu wa mpakani linafanya kazi ya hati zote. Hata hivyo nilisita. Nilijiuliza kama anataka jina la kijiji au la ukoo, na kama kusita kwangu kutamfanya adhani nadanganya.

"Kisoko, mzee. Nyuma ya jiko la mama, penye migomba."

"Sawa," akasema, akafumba macho tena.

Nikatoka, nikaketi barazani chini ya dirisha la ofisi. Lilikuwa wazi kwa sababu ya joto, na sikuhama. Mwenzangu alizungumza nao kama watu waliokutana kwenye msiba wa kawaida, kwa sauti ya chini na vicheko vya heshima. Nilisikia mwalimu mkuu akisema kwamba hajaona kipindi kama kile tangu aje nchi hii. Nilisikia akitaja lile kosa moja, na akisema kwamba kosa hurekebishwa, lakini kile kingine hakifundishwi. Nilitazama viatu vyangu. Furaha yangu yote ya "lately" iliisha hapo.

Kisha mwenyekiti akauliza swali lake.

"Ng'ambo, mzee," mwenzangu akajibu. "Busia, upande wa Kenya."

Mwenyekiti akakohoa. "Lakini nyinyi Wasamia mko huku na mko huku. Babu yako nazikwa wapi?"

"Babu amezikwa upande wa huku, karibu na Lumino."

"Haya. Basi wewe naweza kusema wewe ni wa huku. Sisi tunaandika."

Kila mtu ofisini alielewa anachopewa. Hata mimi nje nilielewa. Angesema neno moja tu, ndiyo, na neno hilo lisingekuwa hata uongo. Mpaka ule ulichorwa babu yake akiwa mtu mzima. Niliona barua ya wizara, niliona basi, niliona mama akifunga mlango wake mwenyewe jioni.

"Mzee umeniuliza kitovu," mwenzangu akasema. "Kitovu alikifukia mama yangu kwa mkono wake, ng'ambo. Nikisema kiko huku nimekifukua."

Mwalimu mkuu aliomba atafsiriwe, akatafsiriwa. Akasema kwa Kiingereza kwamba mambo ya vitovu hayafundishi mtoto kusoma. Mwenyekiti akamjibu taratibu, bila ukali, kwamba wazazi waliofyatua matofali ya shule hii walikubaliana iajiri mtoto wa hapa, akipatikana.

"Na amepatikana," akasema.

Ndivyo nilivyopata kazi. Nilipatikana, kama mbuzi.

Tulitoka pamoja kuelekea mjini, kila mtu akikokota baiskeli yake. Treni ya mizigo ilikuwa ikivuka, tukasimama kuingoja. Alikuwa amekwisha kunipa mkono na kunipongeza, mkono mkavu, wenye nguvu, hongera isiyo na mwiba ndani, na nilikuwa nimeutafuta mwiba huo njia nzima. Nilitaka anichukie kidogo. Ningejua la kufanya na chuki.

"Ungeweza kusema ndiyo," nikamwambia.

"Ningeweza."

"Hata mwenyekiti alitaka useme."

"Nilimwona. Mzee mzuri yule."

"Basi hukuitaka sana kazi."

Behewa la mwisho lilipita. Hakuvuka.

"Niliitaka sana," akasema.

Nikamtazama. Uso wake haukujua ukae vipi. Mdomo ulianza kucheka ukaacha, na mkono ukapapasa kengele ya baiskeli bila kuipiga. Lilikuwa jambo la kwanza nililomwona akilifanya vibaya. Nilingoja wivu ushuke sasa, kwa kuwa nilikuwa nimeshinda na yeye ameshindwa na mbele yangu hapakuwa na kitu cha kutamani. Haukushuka. Nilisimama pale na kazi yangu mkononi nikiona wivu kwa jinsi alivyoikosa, kwamba alikosa vizuri kuliko mimi nilivyopata.

"Nenda kamwambie mama," akasema. "Amengoja mno. Mimi nitajaribu Kisumu, na Kisumu ikikataa, Nairobi."

Akapanda baiskeli akashika barabara ya Busia. Hakupanda kwa madaha yoyote. Nilimtazama hata hivyo.

Mama alipopata habari alipiga vigelegele viwili, majirani wakaja, pombe ya wimbi ikatiwa maji ya moto na mirija ikaletwa. Watu walinipa mkono. Walipokuwa wamekaa, mama akanijia pembeni na kuniuliza kwa lugha yetu yule mwenzangu je, amepata wapi. Nikamwambia anakwenda mbali. Akafuta mikono kwenye kitenge chake. "Mama yake atabaki peke yake basi," akasema, na akarudi kwa wageni. Nilikuwa mwana aliyebaki nyumbani, na siku ile ile mama alikuwa akimfikiria mama wa mwingine.

Muhula ulipofunguliwa niliingia kidato cha pili na chaki mpya. Wanafunzi wakasimama, wakaketi. Niliona macho yao yakipita begani kwangu hadi mlangoni, yakarudi. Yule msichana wa basi la Mbale akanyoosha mkono.

"Sir, yule mwalimu mwingine atakuja lini?"

"Haji."

"Haji leo?"

Nilitafuta kielezi kilicho cha kweli. Vyote nilivijua, na maana zake, na mahali pake katika sentensi.

"Hakuchukuliwa," nikasema. "Si mtu wa hapa. Ni wa Busia, ng'ambo."

Kijana mmoja mwenye ndevu, wa kwenye dawati la nyuma, akacheka kidogo akidhani natania. "Busia si hapo tu, mwalimu," akasema. "Mimi huenda na kurudi na samaki kabla ya chakula."

Wengine wakaitikia kwamba ni kweli, ni hapo tu. Wakangoja niwaeleze. Nilikuwa na shahada, nilikuwa na kazi, na jioni ningelala kwa mama. Nikawaambia wafungue vitabu, na walivifungua vizuri, kwa adabu, bila kuuliza tena.